Alama tano badala ya nne: kisa cha mgonjwa wa Crohn aliyekataliwa katika jaribio la dawa

Mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Mombasa na mkazi wa Uingereza anakofanya kazi ya kutunza wazee, alifanyiwa uchunguzi wa kustahiki kwa ajili ya jaribio la awamu ya tatu la kidonge kipya cha ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo unaoleta vidonda, na wiki tano baadaye akaarifiwa kwamba hatapokewa. Jalada lake lilifungwa kwa mstari mmoja uliosema kwamba alama za kipimo cha kamera hazikufikia kiwango kinachotakiwa. Yeye aliuelewa mstari huo kuwa unasema haumwi vya kutosha. Ukweli ni kwamba alama zake zilipanda kati ya usomaji wa kwanza wa picha na usomaji wa pili, na kupanda huko ndiko kulikomtoa.

Niseme mapema kwamba mgonjwa huyu si mtu mmoja anayeweza kutafutwa akapatikana. Nimekijenga kisa kwa kuunganisha mazingira ambayo wagonjwa wa aina yake hukutana nayo, ili pasiwe na siri ya mtu inayofichuliwa, na jaribio lenyewe nimeliacha bila jina. Vigezo, hesabu na matokeo ya tafiti ninazozitaja kwa jina ni vya kweli, na vigezo vya jaribio hili vimefuata mfano wa yale yaliyochapishwa miaka ya karibuni.

Mwaka 2014, akiwa bado Mombasa, alianza kuumwa tumbo upande wa kulia chini, akapungua uzito na kupata homa za jioni. Kamera ya utumbo ilionyesha vidonda mahali utumbo mwembamba unapoingia katika utumbo mpana, na kinyama kilichokatwa kikaonyesha granuloma, yaani vifundo vidogo vya chembe za kinga, bila vimelea. Katika nchi yenye TB nyingi kama Kenya, daktari mwenye busara akiona picha hiyo huwaza TB ya utumbo kwanza, kwa sababu TB hupenda mahali hapohapo, nayo huua isipotibiwa. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani: Burrill Crohn na wenzake Ginzburg na Oppenheimer walipoueleza ugonjwa huu mwaka 1932 kule New York, TB ya utumbo ilikuwa miongoni mwa magonjwa waliyolazimika kuutofautisha nao. Alipewa dawa za TB kwa miezi sita, miwili ya mwanzo kwa dawa nne na minne iliyofuata kwa mbili. Homa ilikwisha, uzito ukarudi kidogo, lakini maumivu yakaendelea kuja na kuondoka. Kipimo cha kamera cha kurudia baada ya miezi miwili au mitatu ya dawa, ambacho kingeonyesha kama vidonda vinapona, hakikufanywa. Vidonda vya TB hupona kwa dawa za TB, na vya Crohn kwa kawaida havitulii hivyo. Kwa sababu hiyo hadi leo hakuna anayeweza kusema kwa hakika kama aliwahi kuwa na TB, au alikuwa na Crohn tangu mwanzo na homa zile zikaisha kwa sababu nyingine.

Alihamia Uingereza mwaka 2017, na mwaka uliofuata akatambuliwa kuwa na Crohn ya mwisho wa utumbo mwembamba. Azathioprine, kidonge cha kutuliza kinga, ilimsumbua ini. Mwaka 2019 akaanzishiwa infliximab, dawa ya kibayolojia (inayotengenezwa kwa chembe hai) itolewayo kwa dripu, ambayo ilimtuliza kwa miaka mitatu na zaidi kabla ya kuanza kumshinda: muda wa nafuu baada ya kila dripu ulizidi kuwa mfupi, dozi ikaongezwa, na mwishowe vipimo vya damu vikaonyesha kwamba mwili wake umetengeneza kingamwili dhidi ya dawa yenyewe. Hapo ndipo daktari bingwa wake alipomweleza habari za jaribio.

Dawa ya jaribio ilikuwa ya kundi la vizuizi vya JAK, yaani vidonge vinavyozuia ishara za uvimbe ndani ya chembe, kundi la upadacitinib, ambayo tayari imeidhinishwa kwa Crohn. Matokeo ya upadacitinib yaliyochapishwa mwaka 2023 yanaeleza kwa nini vigezo vya majaribio ya sasa viko jinsi vilivyo. Katika utafiti uitwao U-EXCEL, baada ya wiki 12, asilimia 49.5 ya waliomeza dawa walitulia kwa kipimo cha dalili, lakini asilimia 29.1 ya waliomeza plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa, nao walitulia kwa kipimo hichohicho. Kamera ilipoingia utumboni habari ikabadilika: vidonda vilipungua kwa kiwango kilichowekwa kwa asilimia 45.5 ya waliopata dawa dhidi ya 13.1 ya waliopata plasebo. Katika U-EXCEED, iliyowachukua watu walioshindwa na dawa za kibayolojia kama mgonjwa wetu, tofauti kwa uwiano ilikuwa kubwa zaidi, 34.6 dhidi ya 3.5. Dalili hupanda na kushuka zenyewe, na mtu anayehudumiwa kwa karibu na kuulizwa hali yake kila siku huweza kujisikia nafuu bila dawa yoyote. Kidonda cha sentimita moja hakidanganyiki kwa urahisi huo. Jaribio linalopokea watu kwa dalili peke yake huweza kujaza nafasi zake nyingi, ikiwa bahati ni mbaya, kwa watu ambao tumbo lao linauma kwa sababu nyingine, na dawa nzuri huonekana dhaifu.

Zamani haikuwa hivi. Utafiti wa infliximab uliochapishwa mwaka 1997 uliwapokea watu 108 kwa kigezo kikuu cha CDAI, yaani kipimo cha ukali wa Crohn kilichobuniwa mwaka 1976, wakiwa na alama kati ya 220 na 400. Kipimo hicho hujumlisha mambo manane, mengi yakitoka kwenye shajara ambayo mgonjwa huijaza kwa siku saba, na chini ya alama 150 mtu huhesabiwa kuwa ametulia. Baadaye uchambuzi wa takwimu za utafiti wa SONIC ulionyesha kwamba karibu nusu ya waliohesabiwa kuwa wametulia kwa CDAI bado walikuwa na vidonda au na dalili za uvimbe katika damu. Tangu hapo, wadhibiti wa dawa na watafiti wakataka mambo mawili yaende pamoja, dalili anazozisema mgonjwa na vidonda vinavyoonekana.

Jaribio hili lilitaka yote mawili. Kwa upande wa dalili, CDAI iwe kati ya 220 na 450, na pamoja na hayo wastani wa choo laini au cha maji uwe mara 4 au zaidi kwa siku, au wastani wa maumivu ya tumbo uwe 2 au zaidi katika kipimo cha 0 hadi 3. Shajara yake ya wiki moja naieleza kwa ukamilifu, kwa sababu inaonyesha jinsi namba moja ya jumla inavyoweza kubeba vitu visivyofanana. Alienda choo mara 30 katika siku saba, ambazo huzidishwa kwa 2 na kuwa alama 60. Maumivu aliyaandika kuwa 1 siku tano na 2 siku mbili, jumla 9, mara 5, alama 45. Hali yake ya jumla ilifikia 10, mara 7, alama 70. Maumivu ya viungo yalimpa 20, na matumizi ya loperamidi ya kuzuia kuharisha yakampa 30. Hakuwa na uvimbe tumboni. Hematokriti yake, yaani asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu, ilikuwa 34, na kwa mwanamke hesabu huanzia 42, kwa hiyo tofauti ya 8 ilizidishwa kwa 6 na kumpa alama 48. Uzito wake ulikuwa pungufu kwa asilimia 8, alama 8. Jumla ikawa 281, naye akapita.

Lakini zile alama 48 za upungufu wa damu hazikutoka zote utumboni. Hedhi yake ilikuwa nzito kwa muda mrefu, jambo alilomweleza muuguzi wa utafiti pembeni na ambalo halina mahali pa kuandikwa katika fomu ya CDAI. Bila alama hizo angebaki na 233, na bado angepita. Kama asingemeza loperamidi ili aweze kumaliza zamu ya kazi, na hesabu ya vyoo ikabaki ileile, zingetoka alama 30 nyingine na angeanguka kwa 203. Ni dhahiri kwamba bila loperamidi vyoo vingeongezeka, kwa hiyo hesabu hiyo ni ya kubuni, lakini inatosha kuonyesha jinsi mpaka wa 220 ulivyo karibu na mambo yasiyo ya Crohn. Kuhusu maumivu, wastani wake ulikuwa 1.3 tu. Aliandika 1 kwa sababu alikuwa bado anaweza kwenda kazini, naye amezoea kuyaita maumivu makali yale tu yanayomlaza mtu kitandani. Muuguzi alimwambia, kwa haki kabisa, asibadilishe alichokiandika. Alipita kwa hesabu ya vyoo, ambayo ilikuwa 4.3 kwa siku, na si kwa maumivu, ingawa maumivu ndiyo yaliyomleta hospitali.

Sasa tufike kwenye kamera. Alama zinazotumika huitwa SES-CD. Utumbo hugawanywa sehemu tano, yaani mwisho wa utumbo mwembamba, upande wa kulia wa utumbo mpana, sehemu ya kukatiza, upande wa kushoto, na puru. Kila sehemu hupewa alama 0 hadi 3 kwa mambo manne: ukubwa wa vidonda, eneo lililoliwa na vidonda, eneo lote lililoathirika, na kufinyika kwa njia. Katika majaribio mengi ya sasa alama za kufinyika haziingizwi katika kigezo cha kujiunga, kwa sababu utumbo unaweza kufinyika kwa kovu la zamani ambalo hakuna kidonge kitakacholiondoa. Kiwango cha kujiunga ni 6 au zaidi, isipokuwa kwa mtu ambaye ugonjwa wake uko mwisho wa utumbo mwembamba pekee, ambaye hutakiwa kuwa na 4 au zaidi. Punguzo hilo ni la haki. Mtu mwenye sehemu moja tu inayougua hawezi kukusanya alama kama mwenye sehemu tano, na bila punguzo hilo wagonjwa wa aina yake wangefungiwa nje karibu wote.

Daktari wa hospitali yake aliona mwisho wa utumbo mwembamba ukiwa na vidonda vya kati ya nusu sentimita na sentimita moja, akatoa 2. Eneo lililoliwa lilikuwa chini ya asilimia 10, akatoa 1. Eneo lililoathirika lilikuwa chini ya nusu, akatoa 1. Palikuwa na mfinyo mmoja ambao kamera iliweza kuupita, alama 1 isiyohesabiwa. Jumla ya kuhesabika ikawa 4, katika mgonjwa wa mwisho wa utumbo mwembamba pekee, naye akapita kwa kugusa mpaka.

Video ilitumwa kwa msomaji huru ambaye hakujua mgonjwa ni nani wala yuko hospitali gani. Utaratibu huo upo kwa sababu daktari anayemjua mgonjwa na anayemtakia mema huweza, bila kukusudia, kukiona kidonda cha nusu sentimita kuwa kikubwa zaidi, na mimi nauunga mkono. Msomaji alikubaliana na alama zote za mwisho wa utumbo mwembamba. Aliongeza jambo moja: upande wa kulia wa utumbo mpana palikuwa na kipande chekundu, kimevimba kidogo, hakina kidonda, ambacho daktari wa kwanza alikipita akidhani kimekwaruzwa na kamera. Kwa kipande hicho alitoa alama 1 ya eneo lililoathirika. Jumla ikapanda kutoka 4 hadi 5. Lakini kwa alama hiyo moja mgonjwa aliacha kuwa wa mwisho wa utumbo mwembamba pekee, punguzo likaondoka, na kiwango chake kikawa 6. Kwa 4 alistahiki. Kwa 5 hakustahiki.

Mtu anaweza kucheka hapa, au kukasirika. Hata hivyo kanuni yenyewe si ya kipumbavu. Mpaka wowote unaotoa nafuu kwa kundi fulani huzaa ukingo wa namna hii, ambapo mtu anayehama kundi hupoteza nafuu kabla ya kupata kile ambacho kundi jipya lingempa. Ninachokilaumu ni kimya kilichouzunguka ukingo huo. Baadhi ya majaribio humleta msomaji wa tatu pale wawili wanapotofautiana, lakini itifaki ya jaribio hili, yaani mwongozo wake rasmi, ilimpa msomaji huru neno la mwisho. Mgonjwa hakuelezwa lolote kati ya haya. Aliambiwa alama hazikutosha, akarudi nyumbani akiamini kwamba kamera imethibitisha kuwa analalamika bure.

Liko na jambo jingine kuhusu alama hizo ambalo halikuandikwa popote. Dripu yake ya mwisho ya infliximab ilikuwa wiki nane na zaidi kabla ya uchunguzi, kwa sababu jaribio lilitaka dawa ya zamani itoke mwilini kwanza. Katika kungoja huko hali ilimzidi, akaandikiwa prednisoloni miligramu 20, kiwango ambacho itifaki iliruhusu mradi kisibadilike kwa wiki mbili kabla ya kuanza dawa. Siku ya kamera alikuwa amekwisha kumeza vidonge hivyo kwa wiki tatu. Prednisoloni haiponyi Crohn, lakini hupunguza uvimbe, na si ajabu ikiwa ilipunguza pia vidonda vilivyokuja kupimwa. Hapa daktari yuko kati ya mambo mawili mabaya: akimwacha mgonjwa bila dawa anamwacha aumie, akimpa dawa huenda anamtoa kwenye jaribio. Kwa maoni yangu alifanya lililo sawa. Mgonjwa hatakiwi kulipa kwa maumivu yake ili alama zitimie. Lakini kama kamera ingefanywa mapema katika muda wa uchunguzi, kabla ya wiki mbili za prednisoloni kupita, huenda vidonda vingeonekana vikubwa zaidi. Na ratiba ilikuwa inaruhusu, kwa kuwa muda wote wa uchunguzi ulikuwa siku 35.

Siku hizo ziliishia wapi? Ziliishia kwenye TB.

Majaribio ya dawa zinazogusa kinga huchunguza TB kwa ukali, na sababu inajulikana. Infliximab iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya Crohn mwaka 1998. Mwaka 2001 zilichapishwa taarifa za watu 70 waliopata TB baada ya kuitumia, wengi wao baada ya dripu tatu au chini ya hapo, na zaidi ya nusu wakiwa na TB nje ya mapafu. Vimelea vilivyokuwa vimelala kwa miaka viliamka kinga ilipolegezwa. Tangu wakati huo kila mtu hupimwa kabla ya dawa za aina hiyo. Kwa mzaliwa wa Afrika Mashariki kipimo cha kuchoma ngozi huweza kuchanganywa na chanjo ya BCG anayopewa mtoto mchanga, kwa hiyo hutumika kipimo cha damu ambacho hakiathiriwi na chanjo hiyo. Chake kilikuwa chanya. Kilikuwa chanya pia mwaka 2019, kabla ya infliximab, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kipimo hicho huweza kubaki chanya hata baada ya mtu kutibiwa na kupona.

Mwaka 2019 daktari alimsikiliza, akaangalia eksirei ya kifua iliyokuwa safi, akapima uzito wa mambo na kuamua kwamba miezi sita ya dawa kamili inatosha. Itifaki haipimi uzito wa mambo. Ilitaka hati inayothibitisha kwamba tiba ya TB ilianzwa na ikakamilishwa, au, hati isipopatikana, aanze tiba ya kuzuia TB angalau wiki nne kabla ya dozi ya kwanza. Neno la mgonjwa halikuhesabiwa kuwa hati. Vilevile itifaki haikuwa na mahali pa kuuliza kama ile iliyotibiwa mwaka 2014 ilikuwa TB kweli. Utambuzi ambao huenda ulikuwa wa makosa ulikuwa umegeuka kuwa historia, na historia hiyo ikadai cheti.

Kadi yake ya kliniki ilikuwa imepotea zamani. Timu ya utafiti ilipendekeza njia ya pili, na hapo mambo yakafungana. Tiba ya kuzuia ambayo hutumiwa sana Uingereza ni miezi mitatu ya isoniazidi pamoja na rifampisini. Mfamasia wa jaribio alisimamisha pendekezo hilo siku hiyohiyo, kwa sababu rifampisini huharakisha vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingi, zikiwemo baadhi ya vizuizi vya JAK, na dozi ya jaribio ingekuwa kama haikumezwa. Tena, mgonjwa alikuwa na kipandikizi cha kupanga uzazi mkononi, na jaribio lilidai njia ya uhakika ya kuzuia mimba kwa kuwa dawa ingeweza kumdhuru mtoto tumboni. Rifampisini hudhoofisha vipandikizi vya aina hiyo. Kwa kidonge kimoja angepoteza vigezo viwili. Ilibaki isoniazidi peke yake kwa miezi sita, kwa mtu ambaye ini lake lilikuwa limekwisha kulalamika kwa azathioprine, na kigezo kingine cha jaribio kilihusu vimeng'enya vya ini visizidi maradufu ya kawaida.

Kilichomwokoa kwa upande huo kilikuwa simu. Shangazi yake wa Mombasa, ambaye ndiye aliyempeleka kliniki mwaka ule, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mwanangu, karatasi ya mwaka 2014 wanaitakia nini leo?" Akaenda hata hivyo. Kenya ilikuwa imeanza kuweka kumbukumbu za TB katika mfumo wa kielektroniki uitwao TIBU tangu mwaka 2012, na pamoja na mfumo huo kliniki ilikuwa na daftari lake la mkono. Jina lilipatikana, tarehe ya kuanza na ya kumaliza zilipatikana, na mganga mkuu wa kituo akaandika barua yenye muhuri. Barua ilifika kwa picha ya simu siku ya 26. Timu iliomba nakala iliyothibitishwa, ikafika siku ya 29. Ni katika kungoja barua hiyo kamera iliahirishwa, kwa hoja kwamba si vizuri kumwingiza mtu kamera kama atakwama kwenye TB.

Hoja hiyo ilikuwa nzuri, lakini ilikuja ikiwa imechelewa. Barua ya TB haikuhitaji mgonjwa aache dawa, wala kumeza prednisoloni, wala kufungwa na siku 35. Ingeweza kutafutwa wakati infliximab ilipoanza kudhoofika, miezi kabla ya fomu ya ridhaa, kwa sababu kumtafutia mgonjwa kumbukumbu zake mwenyewe ni sehemu ya matibabu ya kawaida na si kazi ya jaribio. Kanuni za utafiti hukataza kufanya vipimo vya jaribio kabla ya ridhaa, na ni sawa kabisa, lakini hazimkatazi daktari kuuliza, "Dada, ulitibiwa wapi, na karatasi ziko wapi?" Hali kadhalika uthibitisho wa kushindwa kwa infliximab, yaani tarehe za dripu, dozi, na kipimo cha kingamwili, ambao jaribio liliuhitaji ili kumhesabu kuwa alishindwa na dawa badala ya kuiacha kwa hiari. Huo ulikuwa tayari kwa bahati tu, kwa kuwa dripu zote zilitolewa hospitali moja.

Kwa hiyo nikisoma jalada lake sioni kigezo kimoja kilichomkataa. Naona mpangilio wa kazi. Mambo yasiyoumiza yaliachwa hadi mwisho, na yale yanayoumiza yakatangulia, kisha kigezo chenye ukingo mkali kuliko vyote kikapimwa siku ambayo hali ya utumbo wake ilikuwa imetulizwa kuliko siku zote za mwezi huo.

Kukataliwa kwenyewe si jambo la ajabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kutoka New York uliwachukua wagonjwa 206 wa kliniki wenye magonjwa ya uvimbe wa utumbo ya kiwango cha kati hadi kikali, ukalinganisha hali zao na vigezo vya majaribio ya dawa za kibayolojia, na ukakuta kwamba takriban asilimia 31 tu wangestahiki. Wengine walikuwa na mifinyo, majipu, magonjwa mengine, au walikuwa wamekwisha kutumia dawa za kibayolojia. Walioachwa ni walewale watakaopewa dawa hiyo ikishaidhinishwa. Mgonjwa wa Mombasa angekuwa mmoja wao kwa njia zaidi ya moja, na sidhani kama aliyeandika kanuni ya hati za TB alikuwa na nia ya kuwazuia watu wanaotoka nchi zenye TB. Matokeo yake ni hayo hata hivyo.

Itifaki iliruhusu achunguzwe mara ya pili. Daktari wake alimweleza maana ya ruhusa hiyo bila kuipamba: prednisoloni ipunguzwe, dalili zirudi, kamera irudiwe, na hata akipokewa, mshiriki mmoja kati ya kila watatu hupewa plasebo kwa wiki 12 za mwanzo. Upande wa pili, tangu mwaka 2023 risankizumab, dawa nyingine ya kibayolojia, na upadacitinib zote mbili zilikuwa zimekubaliwa na NICE, taasisi inayoamua dawa zipi zitumike, kwa matumizi ya hospitali za umma nchini humo. Kwa mgonjwa aliyeshindwa na infliximab, dawa iliyokwisha kuthibitishwa ilikuwa inapatikana bila bahati nasibu. Aliuliza kwa nini basi alipelekwa kwenye jaribio kwanza. Swali hilo lilikuwa la haki, na jibu la kweli ni kwamba kidonge cha jaribio kilikuwa na matumaini, kliniki ilikuwa inatafuta washiriki, na mazungumzo ya kulinganisha njia zote yalifanyika kwa haraka. Kusubiri kwake bila dawa madhubuti kulitokana na jaribio, na mgonjwa alistahili kuusikia ukweli huo kabla ya kutia saini.

Alichagua risankizumab: dripu tatu wiki ya 0, ya 4 na ya 8, kisha sindano ya chini ya ngozi kuanzia wiki ya 12 na kila baada ya wiki nane. Uchaguzi huo una gharama yake kwa siku zijazo. Dawa hii hukaa mwilini kwa muda mrefu, kwa hiyo akitaka kuingia jaribio jingine atasubiri zaidi kuliko alivyosubiri infliximab itoke, na ikimshinda atahesabiwa kuwa ameshindwa na dawa mbili za kibayolojia za makundi tofauti, jambo ambalo baadhi ya itifaki hulipokea na nyingine huliwekea kikomo. Muuguzi wa utafiti aliyaandika haya yote katika barua kwa daktari wa familia. Akaambatanisha nakala ya barua ya Mombasa na kuhakikisha imeingia katika jalada la hospitali, kwa kuwa jalada la jaribio huhifadhiwa peke yake, na kliniki nyingine ikimchunguza kesho haitaliona.